Geji inapanda, oili ya mguu imeungua: fuata maji kwanza

Swali: Nina boti ya futi 24 ya kupeleka wageni kuvua, inalala majini Mtwapa mwaka mzima. Injini ni MerCruiser 5.0 ya petroli, farasi 220, inapozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, na mguu (ile sehemu ya nje nyuma ya boti inayobeba propela) ni Alpha One Gen II. Nikishatoka nje ya miamba nikakimbia kama dakika ishirini, geji ya joto inapanda kutoka 75 hadi karibu 95. Nikipunguza mwendo inashuka. Fundi alitoa termostati, kile kilango cha kudhibiti joto la injini, akaitupa, hali ikabaki ile ile. Wiki iliyopita tulimwaga oili ya mguu, ikatoka nyeusi na harufu ya kuungua. Nimeona kuna kifaa cha kuunyunyizia mguu maji. Nikifunge?

Jibu: Nahodha, kifaa hicho kinafanya kazi yake, lakini usikinunue bado. Geji inayopanda na oili iliyoungua ni dalili mbili ambazo wengi huzitibu mbalimbali, moja kwa fundi wa injini na nyingine kwa fundi wa mguu. Kwenye Alpha zinaweza kuwa ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni uchache wa maji.

Tazama maji yanavyosafiri. Yanaingia kwenye vitundu vya ubavuni, sehemu ya chini ya mguu. Juu kidogo ya hapo, pale sehemu ya chini inapoungana na ya juu, imekaa impela ya mpira inayozungushwa na shafti ya wima. Impela inayasukuma maji juu kupitia bomba, yanapita ndani ya mwili wa mguu, yanavuka tezi (ukuta wa nyuma wa boti) kwa mpira mfupi, kisha kwenye injini nyingi yanapitia kwanza kipozeo cha oili ya usukani kabla ya kufika kwenye nyumba ya termostati. Yakishaipoza injini yanakutana na moshi kwenye viwiko vya moshi, na vyote viwili vinateremka pamoja kupitia mguu mpaka kutokea kwenye kitovu cha propela. Maana yake maji yanaupitia mguu mara mbili: yakipanda yanaupoza, yakishuka yanaupoza moshi usiuunguze. Yakipungua, injini inachemka, na moshi unashuka mkali kuliko kawaida ndani ya mguu ambao nao umenyimwa maji yake. Ndiyo sababu siwezi kukushauri uunyunyizie mguu maji kwa nje kabla hujajua kama ndani yanapita.

(Mwenye mguu wa Bravo, aina nyingine ya MerCruiser, asifuate maelezo haya ya impela. Pampu yake iko kwenye injini. Ya Alpha iko ndani ya mguu, na huwezi kuiona bila kuufungua.)

Uzito wa joto lenyewe ni huu. Farasi 220 ni kama kilowati 164. Nguvu yote hiyo inapinda kona mbili ndani ya mguu: kutoka shafti ya mlalo kwenda ya wima, kisha kurudi mlalo kwenye propela. Ikiwa asilimia 3 tu inapotea kwa msuguano wa gia, ni karibu kilowati 5 za joto, kama pasi tano za umeme zimewashwa ndani ya kasha lenye oili isiyofika lita 2. Nusu ya chini imezama, inapoa yenyewe. Nusu ya juu, boti ikishainuka na kushika kasi, iko hewani, na mara nyingi gia na beringi za juu ndizo zinazoanza kuumia. Tena maji yetu si ya baridi: kaskazi ikiwa imekaa, Machi hivi, bahari hufika nyuzi 29, na Agosti kwenye kusi hushuka karibu 25. Boti iliyokuwa ikiponea chupuchupu wakati wa kusi huanza kulalamika kaskazi, na mwenyewe hudhani kuna kitu kimeharibika jana.

Termostati irudishwe. Nyingi za injini hizi zimeandikwa 160 kwa Fahrenheit, yaani kama nyuzi 71. Haizalishi joto, inazuia injini isikae baridi. Bila hiyo, ukiwa unavuta nyuzi polepole siku nzima, injini haifikii joto lake, petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili ya injini. Nunua mpya pamoja na gasketi yake. Kabla ya kuifunga itie kwenye sufuria ya maji na kipima joto: ianze kufunguka karibu na namba yake na iwe wazi kabisa kabla maji hayajachemka.

Sasa ile dalili yako, kupanda kwenye mwendo na kushuka ukipunguza. Injini inayochemka ikiwa polepole na kupoa ikikimbia mara nyingi ina impela iliyochoka au inavuta hewa mahali. Yako ni kinyume: polepole maji yanatosha, kwenye mwendo hayatoshi. Hiyo ni njia iliyobanwa au pampu iliyopungua nguvu. Sehemu za kukagua ni nne, na zifuate kwa mpangilio wa maji: vitundu, impela, mpira na kipozeo, viwiko vya moshi.

Vitundu unaweza kuviona leo. Boti inayolala kwenye hori inaota magamba, na gamba dogo la ukubwa wa kifungo cha shati linatosha kuziba vitundu viwili. Usiridhike na kukwangua kwa nje. Mengine yanaota upande wa ndani, nyuma ya mwanya. Ingiza waya laini au bisibisi nyembamba ya plastiki, chokoa kila kitundu mpaka usikie umetokea ndani. Chuma kikali kinakwangua rangi na kuanzisha kutu nyeupe ya aluminiamu. Mwani na vipande vya kamba za nailoni navyo hunaswa hapo.

Kazi hii unaweza kuifanya siku za bamvua, maji yakikauka saa nne asubuhi na boti imekaa mchangani. Utapata muda wa saa tatu au nne za kazi. Lakini usiwashe injini wakati maji yanarudi mpaka mguu umezama vizuri na mchanga umetulia, la sivyo impela itameza mchanga dakika ya kwanza ya kazi.

Impela yenyewe usiibadilishe kwa kukimbizana na maji. Kwenye Alpha sehemu ya juu na ya chini zinatumia oili moja. Ukizitenganisha, mguu uko wazi, na bahari ikikukuta hapo itaingia kwenye gia. Pandisha boti kwenye trela, mguu ukae wima.

Mwaga oili kwanza. Weka alama kwa kalamu mahali kilipokaa kile kibati kidogo cha nyuma ya propela kinachosawazisha usukani, ndipo ukitoe. Ndani ya tundu lake kuna bolti iliyojificha. Asiyeijua hufungua nati zote, akaona mguu haushuki, akaanza kuupigia tindo mpaka kasha linapasuka. Sehemu ya chini ikishashuka utaiona nyumba ya pampu juu yake. Toa impela na uikague: mabawa yaliyokunjika na kubaki hivyo yamekufa, mabawa yenye ufa kwenye shina yamekufa, na mpira unaong'aa na kuwa mgumu umewahi kuzunguka mkavu. Hesabu mabawa. Likikosekana moja, kipande hicho hakikutoka baharini, kimepanda na maji na kimekwama mbele. Usifunge boti mpaka umekipata.

Usibadilishe impela peke yake. Chukua seti nzima yenye kikombe, kibati cha chini, gasketi, sili na kii (kipande cha chuma kinachoifunga impela kwenye shafti). Pitisha ukucha juu ya kibati cha zamani: ukihisi mfereji, kilikuwa kinavujisha msukumo hata kama impela ingekuwa mpya. Mchanga wa horini ndio unaochonga mifereji hiyo. Paka impela maji ya sabuni, isiingie kavu. Unapokishusha kikombe izungushe shafti kufuata mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, ili mabawa yalale upande yatakaoendea. Sili ya bomba la maji la juu ikae sawa wakati mguu unaungana; ikipinda, maji yatavujia ndani ya kasha, na utarudi kwenye geji ile ile ukiwa na impela mpya kabisa. Kwa boti inayofanya kazi kila wiki kwenye maji yenye mchanga, mwaka mmoja ndio umri wa impela. Usingoje miwili.

Ukiwa hapo fungua mpira wa maji unaoingia kwenye kipozeo cha oili ya usukani. Kipozeo hiki ni kimrija chenye mirija midogo ndani, kwa hiyo ni chujio ambalo hakuna aliyekusudia liwe chujio. Mwani, mchanga na mabawa ya impela huishia mdomoni pake. Mwangaza wa tochi upande mmoja uonekane upande wa pili. Bonyeza mpira wenyewe urefu wote: wa zamani huwa mzima nje, na ndani tabaka limebanduka, likalala kama ulimi. Polepole maji yanapita. Ukiongeza mwendo ulimi unafunga njia. Angalia pia pale mpira unapopenya tezi. Kutu nyeupe ya aluminiamu huota kati ya chuma na mpira, ikaibana njia kutoka nje kwenda ndani.

Kisha viwiko vya moshi na manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda). Kwa injini inayopozwa na maji ya chumvi moja kwa moja, muda wake ni miaka 3 hadi 5, na hakuna dawa ya kuuongeza sana. Ndani yake kutu na chokaa hujaa mpaka njia ya maji inabaki nyembamba kama kalamu. Kipimo ni rahisi: fungua kifuniko cha injini, washa feni ya kutoa mvuke wa petroli dakika 4 kabla ya kuwasha, kimbia kidogo, kisha lenga kila kiwiko kwa kipima joto cha mbali. Vilingane, kushoto na kulia. Kimoja kikiwa na joto la mbali na mwenzake, hicho kimeziba. Kama huna kipima joto, gusa kwa tahadhari sana nyuma ya mkono pale mpira mnene wa moshi unapoanzia. Pakiwa hapagusiki, maji hayafiki. Hili usiliahirishe. Kiwiko kilichooza hakiishii kuchemsha injini, kinarudisha maji ya bahari kwenye silinda, na injini inayojaribu kugandamiza maji hupinda fimbo zake.

Ukishafunga kila kitu kipya, pima mtiririko. Boti ikiwa majini, toa mpira unaoingia kwenye nyumba ya termostati, uelekeze kwenye ndoo, injini izunguke 1,000 kwa dakika kwa sekunde 15, kisha zima. Pima maji kwa chupa ya lita na uandike namba hiyo kwenye daftari la boti. Miezi sita baadaye rudia. Namba ikishuka, utajua impela au vitundu vinapungua kabla geji haijakwambia.

Sasa oili ya mguu. Rangi na harufu vinasema tofauti. Ya maziwa ina maji ndani, sili imevuja. Nyeusi yenye harufu ya kuungua bila maziwa ni joto, au imekaa mno, au ilikuwa pungufu. Angalia sumaku ya kizibo: uji laini wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyochoma vidole ni meno ya gia au beringi, na hapo mguu ufunguliwe kabla ya safari nyingine.

Alpha One Gen II pamoja na chupa yake ya kuangalizia inachukua lita 1.9 hivi za oili ya gia ya SAE 90 iliyotengenezwa kwa miguu ya boti. Oili ya gia ya gari isitumike. Ya boti imetengenezwa ivumilie maji kidogo yakiingia. Kosa kubwa ni kujaza kutoka juu. Hewa inanaswa ndani, mguu unaonekana umejaa, na gia za juu zinazunguka kwenye povu. Jaza kwa pampu kutokea tundu la chini, mguu ukiwa wima, kizibo cha juu kimefunguliwa, polepole, mpaka oili itoke bila mapovu. Funga juu, endelea kusukuma mpaka ionekane kwenye chupa, ndipo ufunge chini. Vizibo vyote viwe na oringi mpya. Ikiwa uliweka lita 1.4 tu na mguu "ukajaa", basi hewa imo. Baada ya safari ya kwanza, ikishapoa, angalia tena chupa na uongeze. Chupa ikipungua kila wiki kuna mahali inavuja. Ikiongezeka, ni maji yanaingia. Kila saa 100, au mara moja kwa mwaka, oili ibadilishwe. Kwa boti yako ya kazi, kila miezi sita si kupoteza pesa.

Mguu ukiwa mtupu, kabla hujaujaza, mwambie fundi autie hewa ya psi 10 hadi 15 na kuuacha dakika 10. Sindano ya geji isishuke. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye shafti ya propela, shafti ya gia na maungio, utaona povu. Kwa boti ya uvuvi sili ya propela ndiyo ya kwanza kushukiwa. Mshipi wa nailoni ukizunguka shafti nyuma ya propela unakata sili kama wembe, na kutoka nje hauonekani. Toa propela kila mwezi, uangalie, upake shafti grisi, uirudishe.

Kuna chanzo kingine cha oili kuungua ambacho watu hawakifikirii: propela nzito. Pakia boti kama siku ya kazi, wageni, barafu, mafuta, kisha fungua gesi yote na utazame mizunguko. Kwa injini ya aina yako inatakiwa ifike kati ya 4,400 na 4,800 (hakikisha namba kwenye kitabu chako). Ikiishia 4,000, injini inalemewa na meno ya gia yanabeba mzigo mkubwa muda wote. Propela yenye inchi moja pungufu ya mwinuko (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) huongeza kama mizunguko 150 hadi 200. Kabla ya kununua nyingine, safisha magamba ya chini ya boti. Ngozi yenye magamba peke yake inaweza kukunyima mizunguko hiyo.

Mipira ya mikunjo kwenye tezi niitaje hapa kwa sababu joto la moshi linaiua. Mmoja unafunika krosi (kiungio cha shafti kinachoruhusu mguu kupinda), mwingine unapitisha moshi, na mwingine kebo ya gia. Boti ikiwa juu, nyanyua mguu na ufungue kila mkunjo kwa vidole. Ufa huanzia ndani ya bonde la mkunjo. Ule wa krosi ukipasuka, maji yanaingia kwenye krosi na beringi ya gimbali (inayoshika shafti inapopenya tezi), kisha ngamani, na boti imelala peke yake usiku. Ibadilishe yote kwa pamoja kila miaka 5 hata kama inaonekana mizima. Mguu ukitolewa kwa kazi hiyo, beringi ya gimbali izungushwe kwa kidole: ikikwaruza, itoke. Boti ikiwa imefungwa majini, acha mguu umeshuka chini kabisa, ili mikunjo isivutike na fimbo za kunyanyulia zikae ndani ya silinda zake. Fimbo iliyoota magamba itakata sili siku ukiishusha.

Zinki za mguu (vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya mguu) kwa maji ya chumvi ziwe za zinki au aluminiamu, zibadilishwe zikibaki nusu, na zisipakwe rangi. Rangi ya kuzuia magamba yenye shaba isiguse mguu. Shaba na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi zinatafunana, na mguu ndio utakaoliwa.

Turudi kwenye kifaa chako. Ni kikombe kinachokaa chini ya bati pana lililo juu ya propela, kinadaka maji kwa mwendo wa boti na kuyapandisha kwenye vijitundu vinavyomwagia kasha la juu. Kinafaa mguu wenye nguvu nyingi, mzigo mkubwa na safari ndefu za kasi, na kwa bahari ya nyuzi 29 si anasa. Hakiongezi hata tone kwenye injini. Ukifika wakati wa kukifunga, jaribu mguu juu, chini, kushoto na kulia mpaka mwisho, usione mahali kinagonga. Penye chuma cha pua kinachogusa aluminiamu weka plastiki au mpira kati yake, na ukirudi safari umwagie mguu maji yasiyo na chumvi, kwani utakuwa umeukaushia chumvi juu yake kila siku.

Kwa hiyo wiki hii: vitundu, impela na seti yake, kipozeo, kipimo cha viwiko, termostati mpya, mtihani wa hewa, oili mpya iliyojazwa kutoka chini. Toka na boti nyepesi ndani ya miamba, dakika 20 za mwendo ule ule. Geji isipite 80. Ikigusa 90, punguza mpaka polepole, usizime ghafla kama maji bado yanatoka na moshi, angalia vitundu havijafunikwa na mfuko au mwani, na ikiendelea kupanda ndipo uzime. Baada ya saa 50 za kazi mwaga nusu kikombe cha oili ya mguu kwenye chupa nyeupe. Ikiwa imeanza tena kuwa nyeusi na injini haikuchemka hata mara moja, nunua kifaa, lakini mwambie fundi afungue kwanza kifuniko cha gia za juu, ahakikishe beringi zilizopita kwenye joto la miezi hii bado ni nzima.